Mchango si kodi: maneno sita ya sheria za nishati za Ulaya

Umoja wa Ulaya una nchi 27 na lugha rasmi 24. Kila sheria yake ya umeme au ya gesi hutolewa katika lugha hizo zote, na zote zina nguvu sawa mbele ya hakimu. Hakuna toleo linaloitwa asili na mengine yakaitwa tafsiri. Mahakama ya Haki ya Umoja huo, iliyoko Luxembourg, ilisema hivyo wazi mwaka 1982 katika kesi iitwayo CILFIT: anayetafuta maana ya kifungu hana budi kulinganisha matoleo ya lugha mbalimbali, na akumbuke kwamba neno la sheria ya Ulaya laweza kuwa na maana yake lenyewe, tofauti na ile linayoibeba katika sheria ya nchi fulani.

Mimi ni mwanafunzi wa isimu ya lugha za Kiafrika. Si mwanasheria wala mchumi. Niliingia katika maandishi haya kwa mlango wa istilahi, nikitaka kuona namna neno la fundi linavyogeuka kuwa neno la sheria. Nilichokikuta ni kikubwa kuliko nilichokitafuta. Mabishano makali ya nishati barani Ulaya tangu mwaka 2021, yale yanayofika hadi kwenye bili ya kila nyumba, mara nyingi ni mabishano juu ya jina. Fedha hizi ziitwe kodi au mchango? Marufuku hii iitwe biashara au vikwazo? Gesi hii iitwe endelevu au la? Jina likishakubaliwa, linaamua ni kifungu gani cha mkataba kitumike. Kifungu kinaamua nani apige kura na kwa wingi gani. Na kura inaamua nani alipe. Nitapitia maneno sita, moja baada ya jingine.

1. Soko

Kwa miaka mingi, katika nchi nyingi za Ulaya, umeme ulikuwa mikononi mwa shirika moja lililouzalisha, likausafirisha, likauuza. Agizo la mwaka 1996 lilianza kufungua mlango, na maagizo ya 2003 na 2009 yakaupanua. (Tutofautishe tangu sasa: «agizo» linazifunga nchi juu ya lengo na kuziachia njia ya kulifikia, «kanuni» inatumika moja kwa moja katika nchi zote.) Wazo kuu lilikuwa kutenganisha kazi. Mwenye nyaya kubwa za kusafirishia umeme asiwe tena ndiye mwenye mitambo ya kuuzalisha, la sivyo atawafungia njia washindani wake. Sheria za 2009 ziliunda pia wakala wa ACER, wenye makao yake Ljubljana nchini Slovenia, ili kuratibu kazi ya wasimamizi wa umeme na gesi wa kila nchi.

Lakini soko lililozaliwa halifanani na soko tunalolijua. Tuchukue mfano wa unga. Mji unahitaji mifuko 100. Mama wa kwanza ana mifuko 50 na anaiuza kwa 10. Wa pili ana 30 kwa 20. Wa tatu ana 40 kwa 60. Sokoni kwetu kila mmoja angelipwa bei yake. Katika soko la umeme la Ulaya, ambako kila siku wauzaji hutoa bei zao kwa ajili ya siku inayofuata, zabuni hupangwa kutoka ya chini hadi ya juu mpaka mahitaji yatimie. Hapa mfuko wa mia moja unatoka kwa mama wa tatu. Basi bei yake, 60, inakuwa bei ya wote. Mama wa kwanza aliyeomba 10 naye analipwa 60.

Sababu yake si ya kijinga. Kama kila mtu angelipwa alichoomba, mama wa kwanza asingeomba 10. Angekisia bei ya wa mwisho na kuomba 59. Kwa kulipa wote bei moja, soko linamfanya kila muuzaji aseme gharama yake ya kweli, na mitambo ya bei nafuu inaanza kazi kwanza. Jua na upepo, ambavyo havinunui mafuta, viko mwanzoni mwa foleni, nyuklia inafuata, gesi mara nyingi iko mwishoni.

Ubaya wake ulionekana gesi ilipopanda. Mwaka 2021 Urusi ilikuwa ikitoa karibu asilimia 45 ya gesi iliyoagizwa na Umoja wa Ulaya. Kabla ya mgogoro, gesi katika soko la Uholanzi, ambalo ndilo kipimo cha bara zima, ilizunguka kwenye euro 20 kwa megawati-saa. Mwezi wa nane 2022 ilivuka euro 300. (Megawati-saa moja ni umeme wa kuwasha taa ya wati 10 kwa saa 100 000, yaani zaidi ya miaka 11 bila kuizima.) Na kwa kuwa gesi ndiyo mama wa tatu, umeme wote ulifuata, hata ule wa upepo ambao gharama yake haikubadilika hata senti moja.

Nchi kadhaa zilidai kanuni hiyo ya bei ifutwe. Marekebisho makubwa yaliyopitishwa mwaka 2024 hayakuifuta. Yaliongeza kando yake mikataba ya muda mrefu, hasa ule uitwao mkataba wa tofauti wa pande mbili. Tuseme serikali na mwenye mtambo mpya wamekubaliana 80. Soko likishuka hadi 50, serikali inamwongezea 30. Likipanda hadi 120, yeye anarudisha 40. Kuanzia mwezi wa saba 2027, serikali ikitaka kusaidia kwa namna hiyo uwekezaji mpya wa upepo, jua au nyuklia, itapaswa kutumia mkataba wa aina hii. Neno «soko» limebaki lilelile; ndani yake serikali imerudi kukaa.

2. Mgogoro

Katika mazungumzo ya kila siku, mgogoro ni mgogoro pale mtu anapouhisi. Marekebisho ya 2024 yameupa tarakimu. Baraza la Umoja wa Ulaya, kwa pendekezo la Tume, laweza kutangaza mgogoro wa bei ya umeme ikiwa bei ya jumla imefika angalau mara mbili na nusu ya wastani wa miaka mitano iliyopita, na haipungui euro 180 kwa megawati-saa, na inatazamiwa kudumu hivyo angalau miezi sita. Tena bei anayolipa mwananchi iwe imepanda kwa kiasi cha asilimia 70, na itazamiwe kudumu miezi mitatu. Tangazo hilo likitolewa, nchi zinaruhusiwa kwa muda kuuzia nyumba na biashara ndogo sehemu ya umeme chini ya gharama, jambo ambalo siku nyingine lingehesabiwa kuwa linavuruga ushindani.

Wanafunzi wa pragmatiki wataitambua sura hii mara moja. Ni kitendo cha usemi kama alivyokieleza J. L. Austin: kusema ndiko kutenda. Bei inaweza kuwa juu na watu wakateseka, lakini kisheria mgogoro haupo mpaka mwenye mamlaka atamke kwamba upo, kwa utaratibu uliowekwa. Kabla ya 2024 hapakuwa na utaratibu kama huo, ndiyo maana kila nchi ilitafuta jina lake la kupitia.

Uhispania na Ureno zilitafuta neno «kisiwa». Nchi hizi mbili ziko kwenye rasi, na nyaya zinazoziunganisha na Ufaransa kupitia milima ya Pyrenees ni chache. Zikadai kwamba kwa umeme wao ni kisiwa, na Tume ikakubali mwezi wa sita 2022: bei ya gesi inayoingia katika hesabu ya umeme wao iliwekewa kikomo kilichoanzia euro 40. Mwanajiografia atasema rasi si kisiwa. Mwanasheria atajibu kwamba bila sitiari hiyo, watu wa Madrid na Lisbon wangelipa zaidi. Tarehe 28 mwezi wa nne 2025, saa sita na dakika 33 mchana kwa saa za Uhispania, umeme ulikatika karibu rasi yote. Tangu siku hiyo mjadala wa nyaya za Pyrenees umerudi kwa nguvu, na «kisiwa» limesikika tena, safari hii si kama kinga bali kama hatari.

3. Mshikamano

Umoja wa Ulaya ulianzia kwenye nishati: mkataba wa makaa ya mawe na chuma wa 1951, kisha ule wa nyuklia wa 1957. Hata hivyo, kifungu chake maalumu cha siasa ya nishati, cha 194, kilianza kutumika mwezi wa kumi na mbili 2009 tu, na Mkataba wa Lisbon. Kifungu hicho kinasema kwamba siasa ya nishati itaendeshwa katika roho ya mshikamano kati ya nchi wanachama. Wasomaji wa Kifaransa watakuta hapo «esprit de solidarité». Kwa miaka kadhaa wengi walilisoma neno hilo kama pambo, kama maneno mazuri ya ufunguzi wa mkutano.

Mwaka 2016 Tume ya Ulaya iliruhusu kampuni ya Urusi ya Gazprom kutumia sehemu kubwa zaidi ya bomba la OPAL, linalopokea gesi ya Nord Stream pwani ya Ujerumani na kuipeleka hadi mpaka wa Ucheki. Polandi ililalamika: gesi nyingi ikipita huko, kidogo kitapita kwenye mabomba ya mashariki, na usalama wake utapungua. Lithuania na Latvia zikaiunga mkono. Ujerumani ilijibu kwamba mshikamano ni wazo la kisiasa tu, si kanuni ambayo hakimu anaweza kuitumia kufuta uamuzi.

Tarehe 15 mwezi wa saba 2021, Mahakama ya Haki iliamua dhidi ya Ujerumani. Mshikamano wa nishati ni kanuni ya sheria. Unazifunga nchi, na unaifunga Tume pia: kabla ya kuamua, ni lazima kupima maslahi ya wote wanaoweza kuguswa. Tume haikufanya hivyo kwa Polandi, kwa hiyo uamuzi wake ulibaki umefutwa. Miezi saba baadaye Urusi iliivamia Ukraine kwa jeshi lake, na hoja ya Polandi haikuhitaji tena kufafanuliwa kwa mtu.

Hapa Kiswahili chetu kina la kusema. Mshikamano unatokana na -shika, na umbo lake lina viambishi viwili: -am-, kinachoonyesha hali ya kukaa na kudumu, na -an-, kinachodai watendaji zaidi ya mmoja. Mtu hashikamani peke yake, wala hashikamani kwa dakika moja. Neno la Kifaransa, kwa asili yake ya Kilatini, linabeba picha ya kitu kizima na kigumu. Letu linabeba picha ya mikono. Sidai kwamba mofolojia ni sheria. Ninasema tu kwamba yale ambayo Mahakama ilihitaji kurasa nyingi kuyathibitisha, yaani kwamba wajibu huu ni wa pande zote na si wa siku ya maafa tu, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angeyakuta katika viambishi.

4. Mchango

Bei zilipopanda mwaka 2022, waliouza mafuta na gesi walipata faida kubwa ambazo hazikutokana na juhudi yao. Tarehe 6 mwezi wa kumi mwaka huo, Baraza lilipitisha kanuni ya dharura. Ilifanya mambo mawili makubwa. Kwanza, iliweka kikomo cha euro 180 kwa megawati-saa kwa mapato ya mitambo isiyotumia gesi, kama ile ya upepo, jua na nyuklia. Pili, iliwadai makampuni ya mafuta, gesi, makaa ya mawe na usafishaji angalau asilimia 33 ya faida iliyozidi kwa zaidi ya asilimia 20 wastani wa miaka 2018 hadi 2021. Fedha hizo ziliitwa «mchango wa mshikamano».

Kwa nini si kodi? Kwa sababu katika mikataba ya Ulaya, hatua za kodi zinahitaji kura ya nchi zote. Moja ikikataa, imekwisha. Kanuni hii ilijengwa juu ya kifungu kingine, cha 122, kinachoruhusu hatua zinazofaa hali ya uchumi, hasa kukitokea upungufu mkubwa wa bidhaa fulani kama nishati, na kinataja nacho roho ya mshikamano. Kifungu hicho kinatosheka na wingi maalumu wa kura za Baraza. Tena hakilipi Bunge la Ulaya nafasi ya kupiga kura. Neno moja likabadilishwa, na milango miwili ikazungukwa.

Kampuni tanzu mbili za ExxonMobil zilipeleka shauri mbele ya Mahakama Kuu ya Umoja, zikisema kwamba jambo hili ni kodi kwa tabia yake, liitwe litakavyoitwa. Hoja yao inastahili kusikilizwa na mtu wa lugha, hata asiyewahurumia. Fedha zinatozwa kwa lazima, kwa asilimia, juu ya faida, na dola ndiyo inayozikusanya. Ni sifa gani ya maana ya «kodi» inayokosekana?

Watetezi wa kanuni wanajibu kwa sifa nyingine: ni ya muda, ina kusudi lililotajwa, na mapato yake lazima yaende kuwapunguzia mzigo wateja na biashara zinazoumia. Kodi haiulizwi inakwenda wapi, mchango unaulizwa. Sisi tunalijua jambo hili bila kwenda Luxembourg. Mchango wa msiba si kodi ya mtaa. Ni kweli kwamba asiyechanga ataonekana na kusemwa, kwa hiyo hiari yake ni ndogo. Lakini kila aliyetoa ana haki ya kuuliza kama jeneza lilinunuliwa. Nadhani hapo ndipo penye kipimo cha uaminifu wa neno: serikali iliyochagua kusema «mchango» imekubali kuulizwa. Ikikataa kutoa hesabu, basi ilikusanya kodi kwa jina la kuazima.

5. Biashara au vikwazo

Mwezi wa sita 2025 Tume ilipendekeza sheria ya kuacha kabisa gesi ya Urusi. Sehemu ya gesi hiyo, ya bomba na ya meli kwa pamoja, ilikuwa imeshuka hadi karibu asilimia 19 mwaka 2024, lakini haikuwa imekwisha. Mwezi wa kumi na mbili 2025 wajumbe wa Baraza na wa Bunge walikubaliana juu ya kalenda: mikataba ya muda mfupi inaanza kukatwa mwaka 2026, na gesi ya bomba ya mikataba mirefu inakoma katika majira ya vuli ya 2027.

Mtu wa kawaida atasema hivi ni vikwazo. Kisheria sivyo. Vikwazo ni sehemu ya siasa ya mambo ya nje. Vinahitaji nchi zote zikubali, na lazima viongezewe muda mara kwa mara. Hungaria na Slovakia, zinazopokea gesi ya Urusi kwa bomba na hazina bahari, hazikukubali. Basi Tume ikaijenga sheria yake juu ya kifungu cha 207, cha siasa ya biashara, pamoja na cha 194, ambavyo vinatosheka na wingi maalumu. Nchi hizo mbili zinalalamika kwamba ni vikwazo vilivyovaa koti la biashara. Zinakumbusha pia kwamba kifungu hichohicho cha 194 kinamwachia kila mwanachama haki ya kuchagua vyanzo vyake vya nishati. Hungaria ilitangaza kwamba itakwenda mahakamani.

Tofauti ya jina ina matokeo mengine, kwa wanunuzi. Mikataba mingi ya gesi ni ya miaka mingi na inamlazimu mnunuzi kulipa hata asipochukua mzigo. Akivunja mkataba kwa hiari yake, atadaiwa. Akizuiwa na sheria, anaweza kusema amekutana na nguvu isiyozuilika, ile ambayo wenzetu wa kitivo cha sheria wanaiita «force majeure». Sheria ya kudumu inampa hoja imara kuliko kikwazo kinachoweza kumalizika baada ya miezi michache. Kwa hiyo swali la kama hii ni biashara au vikwazo ni swali pia la nani atakayebeba hasara ya mabilioni.

6. Endelevu

Mwaka 2020 Umoja wa Ulaya ulitunga kanuni inayoorodhesha shughuli za uchumi zinazoweza kuitwa endelevu kwa mazingira. Ni kamusi yenye nguvu ya sheria: mfuko wa uwekezaji unaojiita wa kijani unapaswa kuonyesha ni kiasi gani cha fedha zake kinakwenda kwenye shughuli zilizomo. Kuingia katika orodha ni kuonekana na wenye mitaji.

Mwaka 2022 Tume iliongeza humo gesi na nyuklia, kwa masharti, chini ya jina «shughuli za mpito». Bunge la Ulaya lilipiga kura mwezi wa saba mwaka huo: wabunge 278 walitaka kuzuia nyongeza hiyo, 328 walikataa kuizuia. Ikaanza kutumika mwanzoni mwa 2023. Austria, nchi isiyotumia nyuklia, ilishtaki, ikiungwa mkono na Luxembourg. Tarehe 10 mwezi wa tisa 2025 Mahakama Kuu ya Umoja ilitupa shauri lake. Ilisema Tume haikuvuka mamlaka yake, na kwamba iliweza kuona katika nyuklia na gesi mchango kwa kupunguza joto la dunia, hatua kwa hatua, huku usalama wa ugavi ukilindwa.

Tazama kazi ya neno «mpito». Katika lugha ya kawaida, kilicho cha mpito hakidumu, na kilicho endelevu kinadumu. Orodha inaviweka viwili hivyo kwenye mstari mmoja: shughuli ni endelevu kwa sababu ni ya mpito. Kiswahili kinaonyesha mshono huu vizuri kuliko Kifaransa, maana «endelevu» latokana moja kwa moja na kuendelea, na msikilizaji yeyote atauliza: inaendelea au inapita? Mahakama haikuombwa kujibu swali hilo. Iliombwa kusema kama Tume ilikuwa na haki ya kuchagua.

Upande wa mlipaji

Katika maneno haya yote, mlipaji wa mwisho hutajwa mara chache. Ametajwa kwa jina katika agizo la 2023 juu ya matumizi bora ya nishati, linaloeleza «umaskini wa nishati»: ni nyumba kukosa huduma za msingi kama joto, kupoza, mwanga na umeme wa vyombo, kwa sababu kama vile kushindwa kulipa, mapato madogo au jengo bovu. Takwimu za Umoja huo zinasema mwaka 2023 asilimia 10,6 ya wakazi wake hawakuweza kupasha nyumba zao joto la kutosha. Ndiyo maana marekebisho ya 2024 yanazitaka nchi ziwalinde wateja walio dhaifu wasikatiwe umeme, na yanampa mteja haki ya kupata mkataba wenye bei isiyobadilika.

Kwa wengi wetu umaskini wa nishati ni kutokuwa na waya mtaani. Kule ni kuwa na waya ukutani na kuogopa kuuwasha. Neno moja, hali mbili. Anayelitafsiri bila kuliona hilo atakuwa ametafsiri herufi.

Kazi inayotungoja

Kuna sababu ya kuyaandika haya katika jarida la kitivo cha lugha, tena la Kongo. Nchi yetu nayo ina sheria ya umeme, namba 14/011 ya tarehe 17 mwezi wa sita 2014, iliyofungua sekta kwa wazalishaji na wauzaji wapya. Msamiati wake wa Kifaransa ni jamaa wa karibu wa ule niliouchambua: uzalishaji, usafirishaji, usambazaji, msimamizi, ushindani. Na Katiba yetu ya 2006, katika kifungu cha 142, inaipa serikali siku sitini tangu sheria kutangazwa ili iieneze kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa, Kiswahili kikiwemo.

Tofauti na Ulaya ni kwamba Katiba inasema kueneza. Haisemi kwamba matoleo hayo yana nguvu sawa. Toleo la Kiswahili ni la kumjulisha raia. Hakimu wa Luxembourg anaweza kulisoma toleo la Kimalta, lugha ya watu wasiofikia milioni moja, na kulitumia kupima lile la Kijerumani. Lugha yetu yenye mamilioni ya wasemaji haina nafasi hiyo katika mahakama za nchi yetu.

Hata hivyo kueneza si jambo dogo, na hakuwezi kufanywa bila maneno. Atakayeandika sheria ya umeme kwa Kiswahili ataamua kama anacholipa mwananchi kitaitwa bei, ada, kodi au mchango. Ataamua kama aliyekatiwa umeme ni mteja au mtumiaji. Maneno haya hayalingani. Mteja ana mkataba na anaweza kudai. Mtumiaji anatumia tu. Mtu asiyejua jina la haki yake haiombi, na anayemdai fedha kwa jina lisilo lake anajua kwa nini amelichagua.

Ninapendekeza basi jambo moja kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Semina zetu za istilahi mara nyingi huchukua maneno ya kompyuta na ya tiba. Tuchukue sheria ya 2014, kifungu kwa kifungu, pamoja na wenzetu wa sheria na mafundi wa umeme, na tuandike Kiswahili chake. Kwa kila neno tujiulize maswali matatu: nani atalipa kwa sababu ya neno hili, nani atapiga kura, na nani ataweza kuuliza hesabu. Kazi hiyo tunaweza kuianza na karatasi tulizonazo.